Nyumba Isiyodaiwa

Mama,

Mwanao amerudi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula.

Ni mzima. Amekonda, mvi zimemwingia pembeni, na jino moja la mbele halipo tena, lakini ni yeye. Nitakueleza yote. Ila ulituacha deni halijaisha, na sitaki ulisikie hilo juu juu, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo.

Deni limekwisha, Mama.

Nilimpelekea Hajji fungu la mwisho mimi mwenyewe, kule dukani kwake Kisenyi. Nilivaa lile gauni lako la kahawia, nimelipunguza mabegani. Hajji amezeeka sana, siku hizi anakaa tu kwenye kiti mlangoni na wanawe ndio wanaopima sukari na unga. Alipokea, kisha akamtuma mwanawe ndani akalete karatasi ya kibanja chetu, kiwanja na nyumba, ile ambayo mume wangu, mwanao, aliweka rehani kwake. Ilikuwa imekunjwa vilevile kama ulivyoikunja. Akanipa kwa mikono miwili. Akasema, "Mimi nilikopesha mwanamume, nikalipwa na wanawake." Halafu akaomba maji, akanawa, akakusomea dua palepale, wateja wakisubiri. Nilisimama nimeinamisha kichwa. Sikujua Mkatoliki asimame vipi kwenye dua ya Waislamu, nikaona nisimame kama kanisani.

Nilirudi Katwe kwa miguu. Nilidhani nitalia njiani, au nitaimba. Nilinunua nyanya tu, zile zilizobonyea ambazo muuzaji anakuongezea, nikaja kuinjika maharagwe.

Unakumbuka yalivyoanza. Vita vilikuwa vimekwisha, mji huu wa Kampala unafunguka, watu wanarudi, na kila mtu alikuwa anataka kusafiri kwenda kuona nani amebaki. Mwanao akaona gari la abiria. Hakukosea kuona, hilo nimemwambia hata yeye. Alikosea kuweka rehani nyumba ya marehemu baba yake bila kutuambia, mimi wala wewe. Gari likapinduka barabara ya Masaka kabla halijafika mwaka. Mungu alisaidia hakufa mtu. Likaburutwa mpaka hapa Katwe, wakalikata mafundi walewale waliokuwa wakinunua chai na chapati kwako, na tulisikia nyundo zao tukiwa jikoni, bati la gari letu likigeuka kuwa majiko ya watu. Naye akasema anakwenda Kisumu kutafuta hela, atarudi. Nafula alikuwa anajifunza kusoma. Simiyu alikuwa bado mgongoni.

Asubuhi Hajji alipokuja kuuliza, mimi nilijificha chumbani. Wewe ulitoka na unga mikononi. Nilikusikia ukisema, "Mwanangu ameondoka, Hajji. Nyumba haijaondoka. Tutalipa pole pole." Naye kwa imani yake hakuongeza kitu juu ya alichokopesha, akakubali pole pole. Ndipo nilipotoka chumbani.

Hukunipenda nilipoolewa, Mama, tusidanganyane. Ulisema naweka sukari kwenye chai kama mtu aliyeolewa na shamba la miwa. Ulisema wasichana wa kwetu hawajui kufua kola. Lakini siku ile ulinitazama, ukaninyooshea kisu na vitunguu, na kutoka hapo tukawa watu wawili wenye kazi moja. Wewe ulipika kwa mafundi, mimi nikashona. Ulinifundisha kufukia makaa kwa majivu ili sigiri iamke na moto kesho yake. Ulinifundisha kupindua kola ikichakaa, upande wa ndani ukatoka nje. Mchele uliovunjika, ule unaouzwa kwa chakula cha kuku. Mukene, wale dagaa wa hapa, badala ya nyama, na nyama Jumapili, vipande ukivigawa wewe mwenyewe na chako kikiwa daima kile chenye mfupa. Ulisema unapenda mfupa. Nilikuamini miaka mingi.

Sasa nikueleze jambo lililonishangaza. Deni lilipokwisha, sikuweza kuacha. Watoto walisubiri. Wiki ikapita, mwezi ukapita, bado maharagwe, bado majivu juu ya makaa. Nafula sasa anafanya kazi kwenye duka la dawa, analeta mshahara wake nyumbani. Jioni moja aliweka sahani chini akauliza, "Mama, kwani bado tunadaiwa?" Simiyu akacheka, akasema Mama anaogopa Hajji atasikia harufu ya nyama. Alitaka televisheni. Walikuwa na haki, wamekua wakiambiwa ngoja.

Nikawaambia kweli niliyoihisi. Kwamba zamani tulichojinyima kilikuwa cha Hajji, na sasa tunachojinyima kinabaki kwetu, na mimi nataka kukaa kidogo na kitu kinachobaki. Nataka mvua iking'oa bati nilinunue bila kumwendea mtu. Nafula alinielewa. Simiyu alielewa nusu. Nikawanunulia magodoro, kila mtu lake, manene. Kwenye hilo sikubana. Siku ya kwanza Simiyu alichelewa kazini kwa usingizi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, vizuri, kimya, mwanao alipotokea.

Ilikuwa mchana, niko kwenye charahani na sare za shule. Nalongo, jirani yetu yule mwenye mapacha, akasimama mlangoni na beseni lake la nguo. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima yao Waganda, "Nyabo, bwana yako iko hapa kwa barabara. Anaogopa kuingia."

Nilimaliza mshono uliokuwa chini ya sindano. Kisha nikatoka. Alikuwa amesimama upande wa pili wa mfereji na begi dogo. Nilikuwa na maneno, Mama, nimeyapanga miaka na miaka, mengine niliyapanga nikiwa kanisani. Lakini nilikukumbuka hospitalini Nsambya, siku zile za mwisho, ulivyonishika mkono ukasema, "Akirudi, mpe chakula kwanza. Maneno baadaye." Nikamwambia, "Ingia ule."

Alikula posho, ugali wetu wa hapa, na maharagwe. Alikula kama mtu aliyetoka mbali, akafuta sahani. Kisha akatazama huku na huku, akaniuliza, "Mama yuko sokoni?"

Hakujua. Tulituma habari Kisumu, tukatuma Busia, hazikumfikia, alikuwa ameshavuka zamani, Tanzania, kwenye migodi. Nilimwambia tu. Sikujua njia nyingine. Aliweka mikono juu ya meza, akaitazama, akakaa hivyo mpaka Nafula akarudi kutoka kazini akamkuta. Nafula alimsalimia, "Shikamoo," kama anavyomsalimia mgeni, akaingia ndani. Simiyu alimpa mkono na kuuondoa haraka.

Nikamtandikia sebuleni.

Siku chache za kwanza alikuwa mpole. Aliteka maji, akaziba paa pale juu ya mlango. Nilianza kumzoea tena akikohoa asubuhi. Halafu akasikia, sijui kwa nani, kwamba deni limekwisha na karatasi imerudi. Jioni akaniita kwa jina langu, Nekesa, kama zamani. Akasema kuna pikapu, ya mtu anayemjua, haijachoka, inaweza kubeba matooke, ndizi za kupika, kutoka vijijini. Akasema Hajji ananiheshimu. "Neno lako moja tu," akasema. "Anatoa hela, tunaweka karatasi, mwaka mmoja tumemaliza."

Nilikuwa nimesimama karibu na sigiri, nikakaa.

Nikamwambia karatasi haitoki. Akauliza kwa nini. Nikamwambia haitoki. Hapo akapandisha sauti, na ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. "Nyumba hii ni ya baba yangu. Si yako. Si ya Hajji. Nikitaka kuiweka naiweka." Simiyu akatoka chumbani. Ni mrefu kumpita baba yake sasa. Akasimama mbele yake, amekunja ngumi. Nafula akamshika shati kwa nyuma.

Nilimwambia Simiyu akae. Akakaa.

Na alichosema mwanao kilikuwa kweli, hilo ndilo lililoniogopesha. Ni nyumba ya baba yake. Mbele ya wazee, mbele ya halmashauri ya mtaa, mimi ningekuwa nani? Mke aliyebaki. Nikamwambia, "Ni ya baba yako, ndiyo. Lakini aliyeikomboa ni mama yako. Ukitaka kuiweka tena, nenda kwanza ukamwambie yeye."

Baadaye akasema, "Sijui amelala wapi."

Jumapili baada ya misa tukaja kwako. Wote wanne. Nadhani ulituona.

Alidhani tutampeleka kituo cha mabasi, tusafiri mpaka kwetu Bungoma, Kenya. Nilipopinda kuelekea makaburi ya hapa, akasimama njiani. Mtu wa kwetu hazikwi ugenini, anajua, hata Simiyu aliyezaliwa hapa anajua. Alipofika akaona msalaba wa mbao na jina lako, na pembeni yako watu usiowajua, wa makabila mengine. Akauliza, "Kwa nini hamkumpeleka nyumbani?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto.

Nikamweleza. Kwamba ulijua unakwenda. Kwamba uliniita ukaniuliza gari la kupeleka maiti mpaka nyumbani ni kiasi gani, na jeneza, na ng'ombe wa kulisha waombolezaji, na nilipokujibu ulifumba macho ukahesabu. Ukasema, "Mtakopa." Nikakuambia tutakopa, ndiyo, wewe ni mama yetu. Ukasema, "Basi nizikeni hapahapa. Sitaki kusafiri kwa deni." Ndugu zako walikuja na kututukana. Walisema nimemtupa mama wa watu. Nilivumilia kwa sababu ulinishika mkono mbele ya padri na kunifanya nikubali.

Nilimweleza hayo polepole, upepo ukivuma. Nafula alikuwa analia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshalia kwa hilo.

Alipiga magoti. Akaanza kung'oa majani, moja moja, kisha kwa mikono yote miwili, hata yale ya kaburi la jirani yako. Alipomaliza akasema, "Mimi ndiye niliyemzika hapa." Nilitaka kumwambia hapana. Sikumwambia, Mama. Simiyu ndiye aliyekwenda akapiga magoti upande wa pili, akaanza kusawazisha udongo pamoja naye. Nilimwona mwanangu akimtazama baba yake mikono, nadhani aliona ni mikono yake mwenyewe.

Habari ya pikapu haijarudi tena. Jumatatu iliyofuata alishuka kwa mafundi, walewale, wale waliobaki, akaomba kazi. Mmoja wao alimwambia, "Wewe mtoto wa Mama Chapati?" Wakampa kazi ya kupiga msasa na kupaka rangi mageti. Anarudi na vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi. Alipolipwa mara ya kwanza nilijiandaa. Nilidhani atakuja na mguu wa mbuzi na soda za watu wote, ndivyo alivyokuwa. Akaja na gunia la makaa kichwani. Alilipitisha mtaani mchana kweupe, mbele ya watu waliomjua akiwa na gari, akalitua mlangoni, akasema, "Haya yatafika Krismasi ukiyafukia vizuri." Alijua kuyafukia. Alikuona ukifanya hivyo tangu mtoto.

Bado analala sebuleni. Hilo unataka kulijua na huthubutu kuuliza. Ameniuliza mara moja, kwa adabu. Nimemwambia nitamjibu. Ni mimi nitakayeamua na sitaki haraka, miaka hii nimejifunza kulala katikati ya kitanda. Lakini juzi alikuwa na homa, nikampelekea uji, nikakaa pale mpaka akamaliza bakuli, na kukaa hakukuwa kugumu.

Nafula humwita Baba sasa. Simiyu bado hamwiti kitu, ila humwachia maji ya kuoga.

Na kile tunachojinyima kimeanza kuonekana, Mama. Nakiweka mahali panapojulikana na sisi wote wanne. Si cha televisheni. Ni nauli ya kwenda nyumbani kwako Bungoma, watu wanne, kwenda na kurudi, na ng'ombe wa kumbukumbu yako, tumnunue kulekule. Kwa hela yetu. Mwanao amesema atasimama yeye mbele ya ndugu zako na kuwaeleza kwa nini umelala Kampala, ili wasinitukane tena mimi. Nitamwacha aseme. Akikwama nitakuwa nyuma yake.

Nakuahidi hilo. Nakuahidi pia kwamba karatasi hii haitatoka tena nyumbani nikiwa hai, na nikiwa sipo, Nafula ameshajua la kusema. Sahani yako bado tunaitumia, tunagombea nani apakuliwe ndani yake. Kile kipande chenye mfupa nakula mimi. Nawaambia naupenda.

Pumzika sasa, mama yangu. Wajukuu zako wamekwenda kazini, mwanao yuko kwa mafundi, maharagwe yako motoni, na mlango nimeuacha wazi. Mtu akibisha hodi leo, atakuwa amekuja kutusalimia tu.

Ni mimi mkaza mwanao,
Nekesa