Nimesema Nina Mtoto

Jumapili. Jua la Kiseke limewaka tangu asubuhi, mawe yanachoma miguu, na mimi nimejifungia ndani kama mgonjwa. Labda kweli ni mgonjwa. Blogu hii niliianza niandike habari za simu na mpira. Leo sina habari za simu wala mpira.

Ninajikojolea.

Basi, nimeliandika. Nina miaka ishirini na sita, nina ndevu, nina fremu ya kutengenezea simu Mkuyuni, na ninajikojolea mchana na usiku. Ni tangu ile ajali ya bodaboda ya mwaka jana iliyoniumiza mgongo. Daktari aliniambia nishukuru kwamba natembea tena, nami nikashukuru. Miguu ilirudi, kibofu hakikurudi. Kinafunguka kinavyotaka: nikiinama kuokota bisibisi, nikicheka, nikipiga chafya, au nimekaa tu kimya nachomelea waya.

Kwa hiyo naishi kama mwizi. Navaa suruali nyeusi tu, na jaketi nalifunga kiunoni hata kwenye joto. Maji siyanywi mpaka nifunge kazi, midomo imepasuka. Shuka nafua kila asubuhi na kuzianika juu ya mawe nyuma ya nyumba. Mama mwenye nyumba akiniona ananisifu: "Mwanangu, kwa usafi huo utapata mke mzuri." Namwamkia shikamoo, naingia ndani haraka.

Mahali pekee ninapopumua ni ufukweni. Naingia ziwani mpaka kifuani, katikati ya watu, kila mtu amelowa, hakuna anayeniangalia.

Mke mzuri nilikuwa nimeshampata. Anaitwa Kabula, anauza vitambaa mjini. Ndiye aliyenilisha kwa kijiko wodini. Ule mpira wa mkojo niliowekewa hospitalini ulipotolewa aliamini hayo yameisha, nami nikamwacha aamini. Tangu nitoke hospitali sijamruhusu alale kwangu hata mara moja. Akinikumbatia najivuta. Akiuliza kuna nini, nasema nimechoka. Anadhani nina mwanamke mwingine. Ningekuwa yeye, ningedhani hivyo hivyo.

Leo alitoka kanisani akaja moja kwa moja, bila kupiga simu. Nilikuwa nje naanua shuka. Niliporudi ndani nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameuvuta mfuko mweusi ninaouficha chini. Nadhani alikuwa akitafuta hereni, kanga, kitu chochote cha mwanamke. Mkononi alikuwa ameshika pampasi.

Pakiti huwa naitupa njiani kabla sijafika nyumbani, maandishi yake yasionekane. Kwa hiyo alichoshika ni pampasi tupu, nyeupe, iliyokunjwa. Hata hakuikunjua aone ukubwa wake.

"Hizi ni za mtoto wa nani?" Akainuka. "Deo, una mtoto?"

Ningeweza kusema kweli pale pale. Mdomo niliufungua. Lakini wakati huohuo nikasikia joto linashuka pajani, na yeye amesimama mbele yangu na nguo yake ya kanisani.

"Ndiyo," nikasema. "Nina mtoto."

Nimejiuliza mchana kutwa kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mwanamume mwenye mtoto wa nje bado ni mwanamume. Atatukanwa, ataachwa, lakini hakuna atakayeziba pua akipita.

Kabula hakupiga kelele. Aliiweka ile pampasi kitandani taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala pale, akachukua pochi yake akaondoka. Nilikaa sakafuni na suruali iliyolowa, nikalia kwa sauti jinsi ambavyo sikuwahi kulia hata wodini. Sikuona sababu ya kuinuka. Ningeinuka niende wapi?

Jioni simu ikalia. Ujumbe wake huu hapa:

"Nimelia mpaka nimechoka. Nimemwambia mama. Amesema mtoto hana kosa. Anaitwa nani?"

Anaitwa nani.

Matusi ningeyavumilia, nilikuwa nimeshajiandaa. Hili siliwezi. Na bado, Mungu anisamehe, nilianza kuandika jina. Niliandika Baraka. Nikalitazama jina la mtoto ambaye hayupo, nikajua kesho atatakiwa kuwa na picha, kesho kutwa atatakiwa kuwa na mama. Nikalifuta.

Nikaandika: "Kabula, hakuna mtoto. Zile pampasi ni zangu. Nazivaa mimi, tangu ajali." Nikatuma kabla mkono haujakataa.

Ameusoma.

Sijui ninachotarajia. Anaweza kuwaambia wenzake dukani. Anaweza kunionea huruma, na huruma naiogopa kuliko kicheko. Aje asije, wiki hii narudi kliniki ya mkojo. Niliacha kwenda kwa sababu ya lile benchi, kukaa pale katikati ya wazee nikiwa ndiye kijana pekee. Nitakaa. Siwezi tena kuishi hivi.

Simu inaonyesha anaandika. Imeacha. Sasa anaandika tena. Imeacha tena.

Andika, Kabula. Andika chochote.