Sufuria ya Udi na Chuo cha Nassor

...na hiyo harufu ya udi wako, Mama, haikuondoka nyumbani hata baada ya harusi. Haji alidhani ni mimi. "Bi harusi gani wewe, unanukia kuliko msikiti siku ya Ijumaa," akanitania, nami nikacheka nikajificha shingoni mwake. Ungempenda. Kila alasiri akitoka skuli anakofundisha huniletea asumini kwenye karatasi, akakaa kunitazama nikizichomeka kwenye nywele kama vile hajawahi kuona mwanamke. Nina furaha mpaka naona haya kukuandikia.

Lakini sikufukiza kitu. Chetezo chako kimekaa baridi tangu siku ulipoanguka jikoni usiinuke tena, mwiko mkononi, udi uliokuwa ukiupika bado ni shira, haujaganda. Ulikuwa hukubali mtu akupokee mwiko: aliyeanza kukoroga amalize mwenyewe. Basi hakuna aliyethubutu kuumaliza. Tuliifunika sufuria na mwiko wake ndani, tukaisukuma chini ya kitanda chako.

Sasa mambo ya Nassor. Mdogo wangu amekubaliwa kwenye chuo kikubwa cha ng'ambo, kile alichobandika picha yake ukutani tangu kidato cha pili. Chuo chenyewe kitamsaidia ada kidogo. Kilichobaki ni kizito kuliko mshahara wa Baba wa bandarini. Sisi si maskini wa kusaidiwa chote, wala si matajiri wa kulipa. Baba akasema tuiuze nyumba yako hii ya Jang'ombe. Umetuachia sote watatu, kwa hivyo bila ridhaa yangu haiuziki.

"Mwanangu, jina la chuo kile halizeeki," aliniambia. "Nyumba inazeeka."

Nikamuuliza, na yeye akizeeka atalala ndani ya jina? Sikukubali, wala sikukataa. Ni Nassor, Mama. Ulitembeza udi nyumba kwa nyumba ili asome.

Dalali akamleta mnunuzi, bibi mmoja wa Mtoni. Alipofika chumbani kwako alisimama kizingitini. "Nani anafukiza humu?" Hakuna. Akatazama chetezo, akatazama kitanda. "Mwenyewe bado hajahama," akasema, akaenda kuvaa viatu vyake.

Baba alinitolea macho. "Fatma, hivi ni vitimbi vyako." Nikaapa. Hakuniamini, mpaka jioni ile ile aliposikia mwiko ukikwaruza sufuria nyuma ya mlango wako uliofungwa. Sote tuliusikia. Polepole, kwa mwendo wako, ukisita kidogo kama mtu anayepumzisha mkono.

Nassor peke yake ndiye aliyethubutu kuingia. Alikaa humo mpaka adhana ya magharibi ikaisha. Alipotoka alikuwa analia.

"Baba, chuo kile ni kizuri, na nnakitamani mpaka sasa," akasema. "Lakini nikirudi na jina lake, n'tafikia wapi? N'tasoma hapa hapa."

Aliibandua picha ukutani, akaikunja. Hakuichana. Hilo ndilo linaloniuma. Labda tumemnyima kitu kikubwa, sijui. Haji anasema hata yeye hajui, na yeye ni mwalimu.

Asubuhi yake niliivuta sufuria nikaioshe. Udi ulikuwa umeiva, umekauka, umekatwa vipande kama unavyoukata wa sikukuu. Mwiko bado ulikuwa na joto.

Nimeutia kwenye kopo. Kipande cha kwanza nitakifukiza siku Nassor atakapoanza masomo. Harufu imeondoka chumbani kwako. Ila jana alfajiri, katika chumba cha uani tulichopewa mimi na Haji, yeye amelala, mkono wake begani kwangu, niliisikia tena. Ilikuwa upande wangu wa kitanda. Godoro likabonyea kidogo, kama mtu amekaa.

Mama, kazi yako umeimaliza. Mwanao atasoma, nyumba ipo, na mimi ninapendwa. Pumzika. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kaburini kwako na asumini, nikae mpaka jua lipande, nikueleze yote.

Nitakuja mimi. Wewe usije tena.