Neno Nililomchagulia Mama

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele.
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa kaka yangu,

Nianze kwa kukujulia hali. Mgongo wako unaendeleaje, na binti yako ameshazoea shule mpya? Wifi naye hajambo? Sisi huku afya tunayo, ila nyumba imepwaya. Kikohozi changu kimeniacha. Shangazi miguu inamsumbua, lakini ulimi wake uko vilevile unavyoujua.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na sistahili kubembelezwa. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Siku tuliyomzika mama uliniambia kwamba amekufa akiwa amekukataa. Ulisema alikuhimiza uondoke haraka, na kwamba chumba chako alikuwa ameshakifagia. Ulilia mpaka wifi akakupokonya simu. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Ni mwezi sasa, na bado sijakupa.

Kaka, mama hakukukataa. Mkosaji ni mimi.

Unakumbuka ule ujumbe wa mwezi wa nne? Uliutuma kwa watu wote mara moja, wafanyakazi wenzako, marafiki, nasi tukiwamo, mstari mmoja wa Kiingereza kwamba mwezi wa sita familia yako ita‑'move'. Mama aliona jina lako, akaona na jina la mwezi, basi. Alinisubiri mlangoni nitoke kazini, miwani ikiwa puani.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimelifundisha neno hilo kwenye darasa langu la watu wazima. Nilijaza ubao mzima: kusogea, kusonga, kwenda, kujongea, kutikisika, kuhama, kupiga hatua, hata kuguswa moyo. Seremala mmoja anayekaa nyuma aliuliza kama neno moja linabeba mizigo yote hiyo bila kuchoka. Darasa likacheka. Niliwaambia kwamba maneno yaliyo jirani ndiyo yanayoamua, kwamba ukiwa na mwezi na familia nzima ndani ya sentensi, hapo ni kuhama tu, hakuna lingine. Nilijua, kaka. Nataka ulielewe hilo. Sikukosea.

Lakini mama alikuwa amesimama pale na mguu wake umevimba, akaniuliza, "Anasemaje mwanangu?"

Nikamwambia, "Anasema wanasogea."

"Wanasogea huku?"

Sikusema ndiyo. Nilisema, "Mwezi wa sita." Akaingia ndani akiimba.

Nilikusudia kumweleza kesho yake, akishakula na kumeza dawa. Kesho yake nikamkuta ameshaihamisha cherehani kutoka chumba chako, yeye na jirani yetu mchomeleaji, na anapima dirisha kwa futi yake ya kushonea, awashonee mapazia. Alikuwa hajashona tangu mguu umharibikie. Nilimwangalia akitia uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya nne, na hakutaka nimsaidie. Nikaahirisha tena.

Ndipo ulipopiga simu. Nilikuwa napasi nguo mezani, nikasikia kila kitu kwa sababu mama siku zote alipenda kuiweka simu kwa sauti kubwa. Ulimuuliza kama ameupata ujumbe. Akasema ameupata, mfanye haraka, mnamchelewesha bure. Ukasema ulidhani angekuambia kitu kingine. Akakujibu, "Kitu gani tena? Chumba nimeshakifagia." Ukanyamaza, ukasema mtandao mbovu, simu ikakatika. Mama alicheka, akasema furaha imekuziba mdomo. Mimi niliunguza kola ya blauzi.

Hukupiga tena, na mimi sikukutafuta. Nilimwambia mama kwamba watu wanaofunga mizigo hawana nafasi.

Mwezi wa sita ulipoingia, alianza kukaa dirishani kuanzia asubuhi, amevaa gauni la buluu. Gari likisimama mbele ya nyumba anainuka. Lilisimama la mwenye gesi, likasimama la jirani, akainuka kwa yote. Nilimwambia safari zina mambo yake. Aliniambia nisijali, wewe tangu utotoni ulikuwa mzito wa kuvaa viatu.

Muuguzi aliyekuwa akija kumfunga kidonda cha mguu ndiye aliyemaliza uongo wangu. Ulikuwa umetuma picha, masanduku mlangoni, na maelezo ya mji mnaokwenda. Mama alimpa simu amsomee, kwa fahari. Binti wa watu akasoma alivyoona: wamehama, mama, wamekwenda mbali zaidi, ndege mbili sasa.

Niliporudi, nilimkuta kitandani mwako, juu ya shuka mpya, mikono mapajani.

"Lile neno lina maana ngapi?" akauliza.

"Nyingi, mama."

"Na wewe ulizijua zote."

"Nilizijua."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Basi mwenzako alipiga simu kuniaga, nami nikamwambia afanye haraka." Alilirudia mara mbili. Kisha akanishika mkono, akanipa maneno ya kukuandikia, nami nayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Mwambie nilikuwa namngoja, sikuwa namfukuza. Mwambie ahame salama, nimemruhusu kwa moyo mweupe. Na mapazia nitamtumia, wapime tu dirisha la huko."

Nilimwahidi kukuandikia siku ile ile. Sikuandika. Kukufikishia maneno yake kulikuwa ni kukiri kosa langu, na nikaona haya. Kila asubuhi aliniuliza kama umejibu. Nikasema bado. Siku kumi na moja nilisema bado. Siku ya kumi na mbili, nikiwa darasani, nikaitwa nyumbani, na nilipofika muuguzi alikuwa ameshamfunika.

Alikufa akidhani kwamba umesoma maneno yake na hukutaka kumjibu. Wewe umeishi ukidhani amekukataa. Nimewafanyia hivyo nyote wawili.

Darasani nimeomba likizo. Sikuombi msamaha kwa barua hii, kaka, maana nikiuomba utaona lazima unipe. Nakuomba usome maneno ya mama peke yake, uyasome mara nyingi, uyaamini. Ni yake, sikubadilisha hata moja.

Mapazia nimeyafunga kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Ni ya upana wa dirisha lako la hapa, kwa hiyo huenda huko yakapungua. Upindo mmoja haukumalizika. Nimeuacha na sindano yake.

Nisalimie wifi, na umbusu binti yako. Shangazi anakusalimu, mjomba pia. Muuguzi naye ameniomba nikupe pole, anajilaumu bure. Mungu awalinde mlikohamia, akupe usingizi mzuri.

Mimi mdogo wako ninayekupenda, ujibu usijibu.