Niliijibu Mashine kwa Adabu

Mpendwa Shangazi Blia, naomba msaada, na nakuandikia huku gazetini badala ya kupiga simu kwenye kipindi chako cha redio, kwa sababu redio mama yangu haizimi, angeitambua sauti yangu kabla sentensi haijaisha. Mimi ni binti wa Kihmong hapa Fresno, California, wazazi wangu ni wakimbizi wa vita vya Laos kama wengi wetu, kifungua mimba, nasoma chuo cha jamii, kile cha miaka miwili ambacho ukimaliza vizuri unahamia chuo kikuu, na Jumamosi hii ukoo mzima unakuja kunifunga nyuzi mkononi na kuniombea safari njema ya kuhamia huko, nguruwe keshachaguliwa, mjomba anatoka Minnesota, na Shangazi, safari yenyewe haipo.

Ilianza siku ya kujiandikisha. Hakukuwa na mtihani, kompyuta iliuliza tu, hesabu unajua kiasi gani, nikabonyeza "kidogo sana", maana unajua tulivyolelewa, mtu akikuuliza kama unajua kushona unasema sijui, hata kama sketi uliyovaa umeitarizi mwenyewe, halafu yeye anacheka, anasema acha hizo, unajua sana, ndipo unakubali kwa aibu. Kompyuta haikucheka. Ilinipeleka darasa la sehemu na desimali, la wanaorudia mambo ya shule ya msingi, nikafaulu, nikaingia darasa lililofuata, nikafaulu tena, nikidhani napanda ngazi, kumbe madarasa yale chuo kikuu hawayahesabu kabisa, na mimi sikumuuliza mtu, niliona darasa ni darasa.

Sasa chuo kikuu wamenikubali kwa sharti moja, niwe nimefaulu somo la takwimu kabla ya Agosti, na sijaligusa. Lipo darasa la kiangazi, fupi na kali, kujiandikisha kunafungwa Ijumaa, lakini kiangazi ndipo maharage marefu yanapokomaa na baba ananitegemea shambani na kwenye meza yetu sokoni, ambako nawapigia wateja hesabu kichwani bila kikokotoo. Nikitaka kusema ukweli, namsikia mama kwenye simu, "Njooni nyote! Binti yangu anahamia chuo kikuu, jamani, mimi niliyevushwa mto Mekong mgongoni kwa mama tukikimbia vita!"

Binamu yangu Pakou ananiambia, "Nyamaza wewe. Fungwa uzi, kula nguruwe, mengine yatajulikana Agosti." Mdogo wangu naye, asiyejua lolote, ananitania tukila, "Profesa, nisogezee pilipili." Wote wanacheka, mimi nataka kulia. Ninyamaze, niache chuo, au nifanyeje? Naogopa takwimu, namwogopa baba, na zile nyuzi naziogopa zaidi.

Aliyekwama, Fresno

*

Binti yangu, pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Adabu ni ya watu. Mashine haina mama, haikulelewa na mtu, ukiiambia hujui inakuamini. Kwa hilo sikulaumu, hata mimi ningebonyeza vilevile, na waliotunga swali lile wangemuuliza Mhmong mmoja tu wasingelitunga. Ninachokulaumu ni kilichofuata. Ulikaa darasa la desimali ukilijua jibu kabla mwalimu hajageukia ubao, na mdomo hukufungua. Hiyo si adabu tena, ni woga. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeuficha mpaka nguruwe kachaguliwa.

Pakou usimsikilize. Uzi tunaufunga ili roho ya mtu isipotee njiani. Wazee wakikufunga kwa safari isiyokuwepo, roho yako waitume wapi? Na wewe ndiye utakayezitazama nyuzi hizo mkononi kila ukinawa. Umeziogopa, na umefanya vizuri kuziogopa.

Kesho asubuhi nenda kwa mshauri wa masomo. Usitume ujumbe, nenda kwa miguu yako. Mwambie hivi: "Hesabu najua. Niliwekwa chini. Nataka takwimu ya kiangazi." Usiongeze "labda", usiongeze "samahani". Kisha waulize chuo kikuu kama matokeo ya kiangazi yatawahi, na upate jibu kutoka kwao wenyewe. Wakikataa, utangoja mwaka mmoja, hakuna aliyekufa kwa hilo.

Jioni hiyohiyo mwambie baba yako, mkiwa shambani mnachuma, si mbele ya wageni. Baba zetu husikia vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Mwambie utachuma alfajiri kabla ya darasa, na huyo mtani wa pilipili ndiye atakayesimama sokoni kiangazi hiki, aone utamu wake. Baba ataendelea kuchuma. Mwache achume, usimwongezee visingizio. Mama atalia, halafu atauliza nguruwe itakuwaje. Mwambie nguruwe yuko palepale, na mjomba aje. Waombe wazee wakufungie nyuzi za takwimu. Wameshawahi kuwafungia watu kwa makubwa kuliko hayo.

Jina lako sikuliuliza. Lakini Fresno yetu ni ndogo, na Jumamosi hii nimealikwa kwenye nguruwe wawili, nyumba mbili tofauti. Zamu yangu ya kufunga ikifika, kila binti nitamshika mkono nimuulize kwanza, "Hesabu unajua?" Atakayenijibu "sijui", uzi wangu narudi nao nyumbani.