Alama Kifuani mwa Roble

Jumatano, Asr imeshaswaliwa. Joto la leo halina adabu. Mabati yanalia kama yanakaangwa, na mbuzi wa jirani, ambaye siku zote ananidharau, amekuja kulala kwenye kivuli changu bila salamu. Mimi niko mlangoni na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Hali ya moyo usiniulize.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi niliacha shule kidato cha pili, na mpaka leo shule haijanitafuta, kwa hivyo ngoma droo. Halafu nikaandika kitabu. Kitabu kizima, cha picha, kurasa sitini na nne, na shujaa wa kwetu huku huku Garissa. Anaitwa Roble, yaani aliyezaliwa na mvua. Akipiga kisigino ardhini, maji yanatoka. Anaruka kutoka daraja la Tana mpaka Mandera kabla chai haijapoa. Adui yake ni Mnywa-Visima, jitu lenye tumbo kama tangi la lori, ambalo huinama kwenye kisima cha watu na kukifyonza mpaka chini kunabaki chura mmoja anayeshangaa.

Maneno yote ni yangu. Picha ni za Noor, rafiki yangu tangu tukiwa madrasa, kijana mpole ambaye akichora ngamia unaisikia harufu.

Tulitoa nakala arobaini kwenye duka la fotokopi, halafu nikalituma faili kwenye magrupu ya WhatsApp kutoka hapa mpaka mpakani. Nilijua nitakuwa maarufu. Sikujua umaarufu una meno.

Mwanzo ulikuwa mtamu, siwezi kudanganya. Mzee mmoja wa Sangailu alinitumia sauti ya dakika nane. Dakika saba analalamika kwamba ngamia wa ukurasa wa tisa anainuka mbele kwanza kama punda, na kwamba mtu asiyejua ngamia anavyoinuka aandike kuhusu kuku. Dakika ya nane anauliza sehemu ya pili inatoka lini. Mwalimu mmoja wa sekondari aliandika kwamba Kiswahili cha kitabu kimejeruhiwa mahali pengi lakini bado kinapumua. Ustadh wetu alinisimamisha nje ya msikiti. "Warya, huyo kijana wako anaruka angani na macawis. Walio chini wanaona nini?" Nikamwambia, ustadh, akiruka anakikunja hicho kikoi na kukishika kwa mkono. Akacheka mpaka akashika ndevu, halafu akasema bado ni haramu.

Msichana mmoja wa Lafey alikuja na moto. Aliandika hivi: dada zangu wanabeba mitungi kutoka alfajiri, hakuna anayewaita mashujaa, huyu wako anapiga kisigino mara moja mnampigia makofi. Lakini chini akaongeza kwamba ukurasa wa arobaini, pale Roble amechoka, amekaa peke yake kando ya kisima kitupu, aliusoma mara tatu na akalia, na hajui kwa nini.

Nilimjibu, "Asante, dada, ni kipaji tu."

Ukurasa wa arobaini hauna neno langu hata moja.

Na nyanya yangu, ayeeyo, nilimsomea chote kwa Kisomali, sauti nikibadilisha kama redio. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyu mwenye kisigino, alikuwa wapi mwaka ule ngamia wetu walipoisha?" Mimi ambaye nina jibu la kila mtu, nilikwenda kumchemshia chai.

Hizo zote ni lawama za kawaida. Mtu akikutukania ngamia, amekusoma. Ile ngamia ya ukurasa wa tisa, Noor alikuwa ameichora sawa, nyuma kwanza. Ni mimi niliyemlazimisha aigeuze kwa sababu mbele kwanza ilipendeza kwenye karatasi. Niandike basi na lililobaki, maana ndilo lililonikalisha hapa na mbuzi.

Shujaa lazima awe na alama kifuani. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Noor alimaliza kurasa zote na akakiacha kifua cha Roble kitupu, na cha Mnywa-Visima vile vile. Nikamuuliza, umechoka ama umesahau? Akasema, "Acha tupu, walaal. Kila anayesoma ataweka yake kichwani."

Nilimcheka. Nilimwambia hayo ni maneno ya watu wasio na wino.

Asubuhi ya kuchapa, Noor alimpeleka mama yake hospitali kupimwa presha. Mimi nikabaki na karatasi na kalamu nyeusi. Nikajaza. Kurasa kumi na saba, vifua viwili.

Kwa wanaosoma wakiwa mbali: kila ukoo huku kwetu una alama yake, inachomwa kwa moto kwenye ngozi ya ngamia, ili akipotea hata mtu ambaye hajawahi kushika kitabu ajue ni wa nani. Roble nikamvisha ya ngamia wetu. Wallahi sikuwaza ukoo. Niliwaza ile ngamia jike ya babu niliyonyweshwa maziwa yake. Nikifumba macho nikitafuta kitu cha shujaa, ni shingo yake inayokuja. Na Mnywa-Visima nikampa alama moja niliyoiona soko la mifugo, nzuri, imekaa kishari shari. Niliiona mara moja tu na nikaikumbuka yote. Mimi nina jicho, hilo hata adui atakubali.

Alama zenyewe sizielezi hapa. Nimejifunza. Na majina yote humu nimeyageuza, hata la shujaa, na blogu hii haina jina langu la nyumbani.

Wiki ya tatu maneno yakageuka. Kwenye grupu mtu akaandika, "Kwa hivyo mvua ni ya kwenu?" Mwingine, "Na sisi tusubiri kisigino cha nani?" Binamu zangu ndio wakaharibu kabisa: wakamweka Roble kwenye profaili zao, kifua mbele, kama wanagombea ubunge. Hakuna aliyezungumza tena kuhusu hadithi. Wale walionisifu wakagawanyika, na si kwa sababu ya kitabu. Waligawanyika kwa kuzaliwa. Mzee wa Sangailu peke yake ndiye aliyeendelea na ngamia wake wa ukurasa wa tisa. Mungu amweke.

Halafu ikaja ya Griftu.

Ile alama ya soko la mifugo, ile ya jitu linalonyonya visima, ni ya ngamia wa abti wake Noor. Kaka wa mama yake, yule aliyemlea Noor miaka sita. Na abti huyo, huko Griftu, ana kesi mbele ya wazee na majirani zake. Kesi ya nini? Ya kisima. Majirani wanasema ananywesha mifugo yake kwanza mpaka kisima kinakauka.

Mtu akamkata Mnywa-Visima kutoka ukurasa wa thelathini na moja, akamgeuza stika. Abti aliamka akakuta ametumiwa stika hiyo na watu kumi na wawili. Mmoja alikuwa ni imamu.

Na jalada la kitabu linasema nini? Linasema kimetungwa na mimi, kwa herufi kubwa kama tangazo la sabuni, na chini, ndogo, picha za Noor. Kwa hivyo aliyemchora mjomba wake kama jitu, mbele ya dunia, ni nani?

Abti alipiga simu mara moja. Noor aende Griftu, akakae na ngamia, na asishike kalamu tena. Si kwa mwezi. Asishike tena.

Jana nilijikaza kiume nikaenda kwao. Noor hakuwepo. Mama yake, eedo Habiba, alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwambia yote. Eedo, si Noor, ni mimi.

Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala. "Wewe huwezi kuchora hata mbuzi," akasema. "Sasa hata makosa ya mwenzako unataka yawe na jina lako?"

Hapo ndipo nilipojua nimejisifu kiasi gani katika maisha haya. Siku moja nasema ukweli, na unasikika kama majivuno.

Basi nikataka kumwonyesha. Nikaokota kijiti, nikachuchumaa, nikaichora ile alama mchangani, pale pale, mbele ya miguu yake. Ilitoka safi. Haijawahi kutoka safi vile.

Eedo aliiangalia. Polepole akaweka ungo chini. Uso wake ukabadilika, nikajua ameamini. Na nikajua pia nimechora nini, na mlangoni kwa nani.

Akaifuta kwa mguu, mara mbili, kama mtu anayezima makaa.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Na wewe hujachora kitu. Nenda nyumbani, mwanangu."

Mwanangu, akasema. Angenipiga na ungo ningelala usingizi.

Leo adhuhuri nikamkuta Noor kwenye kibanda cha chai, anakoroga kikombe kilichoisha sukari zamani. Nikamwambia, wacha nimpigie abti yako mimi mwenyewe, nimwambie mkono ni wangu. Nilikuwa nimeshatoa simu.

Akaniwekea kiganja juu ya kioo.

"Ukimwambia ni wewe, atauliza wewe ni mtoto wa nani," akasema. "Utamwambia. Kisha atauliza ile alama ya shujaa ni ya nani."

Nikairudisha simu mfukoni.

"Mimi ni mpwa wake. Mpwa mjinga anapewa ngamia achunge, yanaisha. Lakini akisikia ni nyinyi, mmejivisha mvua na yeye mkamvisha kiu, hiyo si ya mimi na wewe tena. Wazee wenu watapanda gari, wazee wetu watakaa kwenye mkeka, na kuna vijana kule Griftu ambao hawangoji mkeka."

Nilikuwa na maneno. Mimi huwa na maneno hata nikiwa na homa. Nikaanza, "Lakini Noor, kuchora..."

"Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa mzuri, walaal," akasema. "Kabla."

Akanisukumia kikopo chake cha kalamu, kile cha maziwa ya unga, kikagonga glasi yangu. Akaamka, akaniacha na chapati yake nusu. Sikuila. Mimi, kuacha chapati.

Nimejaribu kulifuta faili. Nimelifuta kwenye simu yangu, kama mtu anayejipangusa mkono mmoja huku mwili wote una matope. Liko Griftu, liko Lafey, mtu amenitumia mimi mwenyewe leo asubuhi akiniuliza kama nimeshaisoma hii kitu. Nimeandika toleo jipya kichwani, vifua vitupu, kama alivyotaka yeye. Nani atalisoma? Walishaona. Huwezi kumwambia mtu asione alichokwisha kuona.

Nikinyamaza, Noor anabeba. Nikisema, wanabeba watu ambao hata hawajakifungua kitabu. Nimeligeuza hili tangu adhuhuri kama ayeeyo anavyogeuza nyama ya kukausha, na kila upande ni upande ule ule. Roble angepiga kisigino. Mimi nimejaribu, kwa aibu, hapa mlangoni, hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi. Vumbi tu.

Na lile swali la ayeeyo sasa nalielewa.

Basi la Wajir linaondoka baada ya Fajr, na kutoka pale Noor atatafuta gari la Griftu. Nimetia macawis moja na shati moja kwenye mfuko wa nailoni, na kikopo cha kalamu juu yake. Labda nitampa kalamu zake kupitia dirishani, aende nazo azifiche kwenye nguo. Labda nitapanda, nikakae mbele ya abti kama mgeni, nisiseme mimi ni nani mpaka aulize. Na akiuliza?

Adhana ya Magharibi hiyo. Mbuzi ameondoka, hakuaga.

Kesho basi litawasha injini, mimi nikiwa nimeamua au bado.