Mashine Inamfuta Mume Wangu Makaburini

Mpendwa Bi Naima,

Bwana asifiwe, na kwako asalaam aleikum, habari za afya yako na za wote hapo gazetini? Sisi huku Makandana ni mvua na ukungu, Mungu anatutunza, ila mimi usingizi umenikimbia, naomba unishike mkono mama maana nimefika mwisho.

Kazi yangu ni kutengeneza video za misiba na harusi, nina kompyuta ya bei nafuu, na kazi zilipozidi nikamwomba fundi Lusungu aiongezee mwendo, akapandisha kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na umeme wake, akasema, "Mama, prosesa inaweza, ila mazabodi yako, bodi inayoibeba, ni ya chini, tusiitese sana," nami nikafurahi kwa sababu video ya kusubiri nusu siku ikawa inaiva kabla chai haijapoa.

Sasa juzi juzi tulimzika shemeji yangu Jairo kule Suma, kaka yake mume wangu Amoni, nikatengeneza video tukaitazama sebuleni na ndugu, ibada safi, kwaya safi, tulipofika mwisho kabisa, makaburini, pale Amoni anatupia udongo, uso wake ukavunjika vipande vya kijani ukatoka wote, likabaki koti limeinama na udongo unaanguka, na wimbo ukageuka mlio mmoja mrefu kama mtu anayetaka kusema neno akashindwa. Shangazi Veronika akasema, "Amoni, kaka yako anakuita huyo." Amoni akajibu, "Basi nitafutieni koti jingine, hilo limeshatangulia," watu wakacheka, lakini tangu hapo hajacheka tena.

Bi Naima, nimeirudia kuitengeneza, nimeirudia, kila mara watu wote wapo, yeye hayupo, pale pale. Niliweka mkono juu ya mashine nikaomba kwa jina la Yesu, ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye homa. Lusungu anasema ni joto, Amoni akamuuliza, "Joto gani linalochagua mtu mmoja?" Sasa amechomeka kijiti kwenye migomba, anasema mtanilaza hapa, na dawa za presha ameziacha, "Za nini tena?" Jana nimeirudia tena, na safari hii hata aliyesimama kando yake hana uso, na aliyesimama kando yake ni mimi. Sijamwambia.

Tafadhali nijibu mapema.

Ikupa, Makandana

Dada Ikupa,

Waleikum salaam, na poleni sana kwa msiba.

Sasa nikugombeze. Mume ameacha dawa za presha, wewe umekaa unarudia video! Leo hii, kabla hujawasha hiyo kompyuta, mpeleke hospitali apimwe, aanze tena dawa. Akigoma, mwite mchungaji aje amtoe ndani.

Nimemuuliza fundi wa hapa gazetini. Anasema bodi nafuu inaubeba umeme ule kwa muda, ikishachemka prosesa inakosea hesabu, na picha yote ni hesabu. Joto halichagui mtu, linachagua mahali. Makaburi umeyaweka mwisho, mashine inafika pale imeshachemka, na pale amesimama mumeo. Jana ilichemka zaidi, ikakufikia na wewe.

Lusungu arudishe kasi ya kiwandani, asibakize hata kidogo. Kisha tengeneza upya kutoka kwenye kadi ya kamera, makaburi yatangulie, mashine ikiwa baridi. Amoni akae hapo aone, na shangazi Veronika akae naye, ajifunze kuuchunga mdomo wake.

Kuna jambo hukuliandika, ila nimelisoma. Mtu anayeogopa kufa hatupi dawa. Amoni haogopi, dada. Anamtaka kaka yake. Msiba mmeutazama kwenye skrini, sijui kama kuna aliyekaa naye akamwacha alie.

Na ikiwa baada ya yote hayo uso hautaonekana, zima. Usirudie hata mara moja. Mgeukie aliyekaa kando yako, mshike, zungumza naye mpaka akujibu.

Bi Naima