Maziwa Yaliyonukia Sabuni

Kimamba,
8 Juni 1999

Kwa mdogo wangu Seleina,

Salamu zikukute hapo Mikumi ukiwa na afya. Sisi huku tu wazima, majani yapo na ng'ombe wananenepa. Wifi yako Consolata anakusalimu sana na anauliza kama utaleta tena sabuni.

Salamu zimeisha, sasa hasira. Juzi Jumapili walikuja wazee hapa bomani wakiongozwa na mzee Kaelo. Kama ilivyo desturi, wakapewa maziwa kabla ya maneno. Mzee Kaelo akapiga funda moja, akalitema. Maziwa yananukia kama bafu la gesti! Kumbe mama ameosha vibuyu vyote kwa ile sabuni yako ya maji ya kuogea, ya kijani, uliyomletea Pasaka, badala ya kuvifukiza kwa kijinga cha moto kama siku zote. Nilipomuuliza akasema amekosea, alidhani sabuni ni sabuni. Wazee wakachukua fimbo zao wakaondoka bila kusema walilokuja kusema. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa sikiliza. Hayo mapipa yako ya kemikali yafunge. Mtoto wa wafugaji hakai kando ya barabara kuu kukoroga povu. Rudi nyumbani kabla mwezi haujaisha. Ukikaidi, usikanyage kwangu.

Ni mimi kaka yako,
Sendeka

Mikumi,
17 Juni 1999

Kaka Sendeka,

Shikamoo. Barua yako kondakta wa basi la Kilosa amenifikishia. Mimi sijambo, ila mikono inawasha kidogo kwa dawa za sabuni. Mwambie wifi sabuni yake ipo.

Pole kwa aibu iliyokupata. Lakini sifungi. Nilipokuwa nafagia vyumba vya gesti hukusema mtoto wa wafugaji hafagii. Gesti ikauzwa, tajiri mpya akatupunguza kazini, nikalala njaa, na barua yako sikuiona. Dada Costancia wa kikundi cha akina mama ndiye aliyenishika mkono akanifundisha. Leo gesti ileile inanunua sabuni kwangu, ya vyombo na ya kuogea. Si ndiyo soko huria linalotangazwa redioni kila siku? Basi na mimi nimo.

Na usiite povu, kaka. Kazi hii ina adabu zake. Unakoroga upande mmoja tu, hugeuzi mkono. Chumvi unaitia mwisho, kidogo kidogo, maana ikizidi sabuni inakuwa maji matupu. Kisha unaiacha ilale mpaka itulie. Mwenye hasira kama wewe angemwaga pipa zima.

Ila kuna jambo nimelitafuna, limekataa kumezeka. Mama anafukiza vibuyu tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Maboma mengine huwaleta mabinti wao kwake wajifunze. Na sabuni ile nilimwonyesha mwenyewe, nikamsugua mgongo kwayo, akacheka kama mtoto. Mama hakukosea, kaka. Wazee walikuja kwa neno gani? Barua ndefu yote ile, hilo hukuliandika.

Mdogo wako asiyefunga,
Seleina

Kimamba,
29 Juni 1999

Seleina,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo.

Umeuliza, nakujibu. Mzee Kaelo anatafuta mke wa tatu na mimi nimemkubalia wewe. Baba hayupo, mwenye kusema ni mimi. Umri unakwenda, na siku kemikali zikikupofusha macho atakutunza nani? Ni mtu mwenye mifugo na heshima, na yale ya maziwa ameyasamehe. Kasema bahati mbaya haina kosa.

Jumamosi ya tarehe 24 Julai tutakuja wote wawili kukuchukua. Funga virago. Mama nimemweleza jana wakati anakamua. Hakujibu neno, aliendelea kukamua. Yeye ana busara, nawe mwige.

Kaka yako,
Sendeka

Mikumi,
12 Julai 1999

Kaka,

Shikamoo. Najua unamtafuta mama tangu Alhamisi. Usihangaike, yuko kwangu. Alishuka kwenye basi na kibuyu kimoja na shuka lake, akauliza watu, "Mwanangu wa sabuni anakaa wapi?" Wakamleta mpaka mlangoni.

Amenieleza yote, na kwamba habari ya posa aliisikia kwa wanawake kabla wazee hawajafika. Anasema kwenye kikao cha wazee mwanamke hana kiti, kwa hiyo alisema kwa maziwa. Nyinyi mkajifanya hamkusikia. Inamuuma, kaka. Jana alilia, nami nikalia, kisha tukaenda kukoroga.

Njooni hiyo tarehe 24, sikimbii. Lakini jua kwamba huku siyo bomani. Huku mwenye kulipa kodi ya chumba ndiye mwenye nyumba, na mlipaji ni mimi. Siolewi na mzee Kaelo, wala sifungi mapipa yangu.

Mdogo wako,
Seleina

Kimamba,
2 Agosti 1999

Mdogo wangu Seleina,

Habari za tangu tuachane. Miguu inaniuma kwa safari, mengine salama.

Ulikuwepo na uliona, lakini acha niandike, yakikaa tumboni yatanichachia. Sikutegemea mama atoke nje mbele ya wateja wako na madereva wa malori, amwekee mzee kigoda, kisha amwambie usoni: "Binti ni wangu. Nilikukatalia kwa maziwa ukasema bahati mbaya. Leo nakukatalia kwa kinywa." Mzee wa watu angefanya nini? Mkwe habishani na mama mkwe. Akijibu, amevunja heshima na hafai kuoa. Akinyamaza, amekubali kukataliwa. Akanyamaza. Basi lilipofika Kilosa akaniambia, "Mama yenu yule, lo!" Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Basi, yamekwisha. Kwangu unaruhusiwa kukanyaga. Nilikosa kumkubalia mzee bila kukuuliza, na sitaliandika hilo mara mbili. Mama arudi akipenda. Vibuyu hapa vinanuka, hakuna anayejua kuvifukiza kama yeye.

Jambo la mwisho. Consolata aliniomba ruhusa ya kuja kwako kujifunza sabuni. Nilimkatalia katakata. Jana alfajiri nimeamka, hayupo. Umpokee, na umfundishe vizuri.

Kaka yako,
Sendeka